Ndege Iliyofumba Jicho

Thobias alikuwa fundi wa meno bandia, na kwa miaka yote aliyokaa Morogoro wengi hawakumjua kwa kitu kingine. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kliniki ndogo, kwenye barabara ya kwenda Kilakala: chumba chembamba chenye harufu ya nta na plasta, na dirisha moja linaloitazama milima ya Uluguru. Yeye mwenyewe alizaliwa Gairo, kwenye nchi ya mahindi na karanga, ambako mtu hutazama mbali bila kuinua kidevu. Labda ndiyo maana milima ile haikuwahi kumzoea wala yeye kuizoea. Kila asubuhi alipofungua dirisha ilionekana kana kwamba usiku mtu aliiondoa, kisha alfajiri akairudisha, akaiweka vingine kidogo.

Ndege ya kuchonga aliianza kwa sababu ya picha. Mkwewe Erick, aliyekuwa akifundisha chuo cha Mzumbe, alimtumia kwenye simu picha ya zamani sana, ya enzi za vita vya kwanza vya dunia, Mwingereza alipokuwa akimfukuza Mjerumani katika nchi hii. Ilikuwa ndege ya kivita yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ya mbao na kitambaa, imesimama kwenye nyasi. Wazungu wawili walikuwa kando yake, mikono mifukoni. Thobias hakuwatazama sana. Alitazama nyuma yao, akaona mstari wa milima. Akainua macho dirishani. Akarudi kwenye picha. Mgongo ulikuwa ule ule, na bonde lile lile lililokatika kama mahali pa jino lililong'olewa.

"Ilikuwa hapa," alimwambia mkewe Editha jioni ile.

"Kitu gani?"

"Ndege. Ilisimama hapa hapa kwetu."

Editha alimtazama, akaendelea kumenya viazi. "Basi ndiyo umeshaondoka hivyo," alisema, maana alimjua mumewe.

Na kweli aliondoka. Kila mchana, kliniki ilipopumzika, alijifungia chumbani akachonga. Umbo la ndege halikumpa shida. Alichana vijiti vya mbao vyembamba kuliko njiti za kiberiti, akavipinda kwa mvuke wa birika, akaviunganisha kwa gundi mpaka ikawa mifupa ya mdudu mkubwa mwenye urefu wa mkono wake, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Akachonga na watu wawili wa plastiki ya meno, rubani na mwenzake wa kuchungulia, wenye kofia za ngozi, akawakalisha mahali pao. Umbo lilikuwa rahisi. Ngozi ndiyo iliyommaliza.

Maana ndege ile ilivaa kitambaa, na kitambaa hakifichi kilichomo ndani. Kila ubavu wa bawa ulijitokeza kidogo, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Juu ya kila ubavu palikuwa na utepe mwembamba, na chini ya utepe palikuwa na mishono, fundo baada ya fundo. Thobias alitumia karatasi laini ya kufungia zawadi, akaipaka vanishi mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, kisha kwa sindano yake ya kuchunguzia meno akaweka matone ya vanishi moja moja, kila tone fundo. Rangi aliichanganya mara nyingi mpaka ikafanana na chai ya maziwa iliyopoa. Akapaka moshi na mafuta tumboni, kuanzia kwenye injini kurudi nyuma, kwa sababu injini za siku zile zilitema mafuta kama mtoto anayeota meno. Kwa ajili ya magurudumu alitoka nje, akachota udongo mwekundu wa ua wa kliniki, akauchekecha kwa soksi ya Editha.

Alipokuwa akifanya hayo alisahau kama ana mwili. Mkono ulikwenda wenyewe. Nje mawingu yaliteremka mlimani, yakapanda, yakateremka tena, na wakati mwingine alihisi chumba chenyewe kimeinuka kidogo kutoka ardhini, kimekaa hewani kimya, kikingoja aseme kinaelekea wapi. Muuguzi alipogonga mlango kumwita, alichelewa kuitika, kama mtu anayerudi kutoka mbali.

Lakini palikuwa na mahali alipokwama. Picha zote alizozipata, ile ya Erick na nyingine alizozitafuta kwa wiki nyingi mtandaoni, zilipigwa na watu waliosimama chini. Zilionyesha ubavu, mkia, magurudumu, tumbo. Hakuna iliyoonyesha mgongo. Upande wa juu wa bawa la juu hakuna aliyeupiga picha, maana ni nani angekuwa huko juu? Alijua ndege za Waingereza zilichorwa maduara makubwa ya rangi kwenye mabawa, lakini alisoma pia kwamba si zote zilipakwa sawasawa, na kwamba huku kwetu nyingine zilirekebishwa ovyo ovyo. Erick alimshauri akisie tu, nani atajua. Thobias alikataa. Akaliacha bawa la juu tupu, rangi ya chai, na ndege ikakaa hivyo juu ya kabati la plasta, nzuri lakini haijaisha.

Siku moja ya soko aliingia mama mtu mzima kutoka milimani, juu ya Mgeta, ameshikwa mkono na binti yake. Mama aliitwa Filomena. Binti, Modesta, alikuwa mkulima wa karoti na njegere, naye alikuwa ameshuka na mzigo wake alfajiri akaona amlete mama apimwe meno, kwa kuwa hakuwa amebakiwa na hata moja.

"Shikamoo mama," Thobias alisema.

"Marahaba mwanangu." Maneno yalimtoka laini, yamelowa, kama mtu anayezungumza kwenye mto wa kulalia. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa mwendo wa Kiluguru, na bila meno Thobias aliambulia nusu tu.

Alimkalisha, akamtia kinywani chombo chenye ute mzito wa kuchukulia umbo la fizi zake. Wakati wa kungoja ute ule ugande, Bibi Filomena alizungusha macho chumbani. Yakafika juu ya kabati. Yakakaa hapo. Thobias alipomtoa chombo kinywani, mama alinyoosha kidole akasema kitu kirefu.

Thobias alimgeukia Modesta.

"Anasema ndege yako haina macho," Modesta alisema, akionea haya. "Usimjali, fundi. Ni habari za marehemu bibi yangu, mama yake."

"Macho gani?"

"Mgongoni. Bibi aliiona ndege alipokuwa msichana mdogo. Aliiona kutoka juu. Wao walikuwa mlimani, na yenyewe ikapita bondeni, chini yao."

Thobias aliweka chombo mezani polepole. Aliona aibu, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima ukiwa mkononi. Miaka yote hiyo aliitazama milima kutoka chini, hata siku moja hakuwaza kwamba huko nako kuna watu wanaotazama.

Alitaka kuuliza zaidi, lakini gari lililowaleta lilikuwa likipiga honi barabarani. Modesta akamfunga mama kitenge begani, wakaondoka. Bibi Filomena aligeuka mlangoni, akaitazama ndege mara ya mwisho, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

Meno ya Bibi Filomena aliyatengeneza kwa uangalifu kuliko kawaida. Hakuyafanya meupe sana, alitafuta rangi ya meno ya mtu aliyeishi. Siku ya kuja kuyavaa ilipofika, Modesta alipiga simu. Mguu wa mama umevimba, alisema, hawezi kushuka. Labda mwezi ujao, Mungu akipenda.

"Nitayaleta," Thobias alisema.

Editha alipomwona anapanga vitu alicheka. "Meno yanaingia kwenye boksi la viatu. Hilo jingine kubwa la nini?"

"La ndege."

Editha alitikisa kichwa, akamfungia chapati za njiani, akamtafutia na koti la baridi.

Alipanda na gari la mboga lililokuwa likirudi tupu, boksi magotini, jingine miguuni. Joto la mjini lilibaki nyuma, hewa ikawa na harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Barabara ilizunguka na kuzunguka, na kila ilipozunguka alidhani wamefika juu, kumbe juu kulikuwa bado. Ilipoishia, Modesta alikuwa akimngoja, akachukua boksi la meno akamwachia la ndege. Walitembea kwenye njia nyembamba kati ya matuta ya kabichi yaliyopangwa kama ngazi. Wingu lilikuwa limekaa mashambani. Watu waliwapita wakiwa na vikapu, wakasalimia, wakayeyuka. Thobias alisikia jembe likigonga jiwe karibu naye kabisa na hakuona mkono wala jembe. Alijihisi kama anatembea ndani ya kichwa cha mtu aliyelala.

Bibi Filomena alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya kigoda, blanketi magotini. Thobias alinawa mikono, akamvalisha meno, akamwambia aume karatasi ya rangi, akayatoa, akasugua hapa, akasugua pale, akamvalisha tena. Mashavu ya mama yalijaa. Midomo ikapata mahali pa kukaa. Modesta alifunika mdomo wake kwa kanga.

"Sema neno, mama," Thobias alimwambia.

Mama alizungusha ulimi, akiyapitia meno yale mageni moja moja. Kisha akasema, kila herufi mahali pake: "Ilete hiyo ndege nikueleze."

Thobias akaifungua. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya blanketi.

"Mama yangu aliitwa Skolastika," alisema. "Huku watu hawamwiti hivyo. Wanamwita Mwitandege. Mpaka leo ukiuliza njia ya kuja hapa, utaambiwa kwa Mwitandege."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanasema aliiita." Alipitisha kidole kwenye bawa. "Zile siku za vita watu walijificha huku juu, kwenye msitu. Wanaume walikuwa wanakamatwa kubebeshwa mizigo ya askari. Ukienda hurudi. Baba yake mama, mzee Kondo, alijificha na wanawe. Mama alikuwa msichana wa kuchanja kuni. Siku hiyo amesimama kwenye mwamba, hapo nyuma ya shamba la njegere, akasikia mngurumo kama maji. Akadhani mto umejaa. Akachungulia bondeni. Ikaja hiyo, inatoka kwenye wingu, iko chini yake, karibu angeweza kuitupia jiwe. Mwanangu, mtoto gani asingepunga mkono? Akapunga. Na yenyewe ikamtazama."

"Ilimtazama?"

"Ilikuwa na macho mawili mgongoni. Makubwa, ya mviringo. Moja huku, moja huku. La kulia lilikuwa limefumba nusu, kama mtu anayelenga." Alipapasa bawa la kulia. "Haikupita siku askari wakapanda. Wa nani, mama hakujua. Wakamchukua mzee Kondo. Hakurudi. Ndugu wakamuuliza mtoto umefanya nini mwambani, naye mtoto akasema kweli. Basi likawa jina lake. Alizeeka nalo. Mimi sijawahi kumwona mama akimpungia mtu mkono, hata padre, hata mimi siku naondoka kwenda kuolewa."

Wingu liliingia mpaka kwenye nguzo.

Thobias aliinamia bawa. Kisha akauliza, "Hilo jicho lililofumba, lilifumba kwa juu au kwa pembeni?"

Modesta alimtazama kama amekosa adabu. Lakini mama alijibu mara moja, kwa sababu alikuwa amelisikia jambo hilo maisha yake yote. "Kwa upande wa nyuma. Kope yake ilikuwa ya pembe nne. Rangi ya mkeka uliolowa."

"Kiraka," Thobias alisema taratibu. "Kitambaa kilichanika wakakibandika kingine juu yake. Kikafunika nusu ya duara, nao hawakuipaka rangi upya." Akaeleza maduara yale yalikuwa nini: alama ya jeshi, buluu nje, kisha nyeupe, na nyekundu katikati kabisa, ili wenyewe kwa wenyewe wasipigane risasi.

"Rangi tu?" mama aliuliza.

"Rangi tu, mama."

Hakuonekana kuridhika. Thobias alitoa brashi zake na vichupo, akaanza kazi pale pale barazani, mama akimsimamia. Duara la kushoto kwanza. "Kubwa zaidi," mama alisema, "karibu na ncha." Kisha la kulia. Kisha akakata kipande cha karatasi cha pembe nne, akakipaka vanishi, akakilaza juu ya duara la kulia kwa kibano. Mama akamwambia kisogee. Akakisogeza. Akamwambia kikae upande kidogo, kilikuwa hakijanyooka. Akakipinda. Akazichafua kingo zake kwa kahawia iliyochujuka, maana kiraka hushika vumbi pembeni. Modesta aliacha chai ipoe. Alikuwa ameinama juu ya bega la mama yake, na nywele zao, nyeupe na nyeusi, ziligusana.

"Ndiyo hiyo," Bibi Filomena alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hiyo ndiyo aliyoniambia."

Rangi ilipokauka, Thobias aliibeba ndege, akaomba aonyeshwe mwamba. Mama alisema anakwenda pia. Modesta alipinga kwa sababu ya mguu, akapinga tena, kisha akamshika mkono wakaenda, hatua kwa hatua, kupitia njegere zilizolowesha nguo zao.

Mwamba ulikuwa mpana, umeota kuvu, umetokeza juu ya bonde. Chini hapakuonekana kitu, ukungu tu, mweupe, unaopumua. Kando kulikuwa na njia ya kuteremkia kisimani. Thobias alishuka nayo mpaka akawa chini ya mwamba, akaingia kwenye ukungu, akainua ndege juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, akaanza kutembea polepole.

Hakuona kitu ila vidole vyake na tumbo la ndege lenye mafuta. Baridi ilimwingia mikononi. Kwa kitambo kidogo hakujua mwaka ni upi. Alihisi mbao nyepesi zikitetemeka, kwa upepo wa bondeni au kwa mikono yake iliyochoka, na ukungu ukamtiririka usoni, na ilikuwa kama si yeye anayeibeba bali yenyewe inampeleka.

"Tunaiona," sauti ya Modesta ilishuka kutoka juu. "Mama anasema subiri hapo."

Akasimama.

"Mwanangu," Bibi Filomena aliita. "Nyumbani niliona umetia watu wawili. Umewatoa?"

"Sijawatoa, mama. Wapo."

"Siwaoni."

"Wako chini ya bawa. Limewafunika."

Ukungu ulisogea, akawaona wawili wale mwambani, wadogo, wamesimama bega kwa bega, wakitazama chini.

"Mama yako alikuambia aliona watu?" Thobias aliuliza.

"Hapana. Nilimuuliza nikiwa mdogo. Alisema haikuwa na watu, ilikuwa na macho tu."

"Basi kama yeye hakuwaona wao," Thobias alisema, "na wao hawakumwona yeye. Bawa lilikuwa katikati. Waliokuwa ndani walitazama chini na mbele. Huku juu walikuwa na kitambaa tu."

Mikono ilimuuma, lakini hakuishusha.

"Sasa askari walijuaje?" mama aliuliza baadaye.

"Hilo sijui, mama. Pengine moshi. Pengine walifuata njia tu. Lakini huyu mtoto hawakumwona."

Bibi Filomena alikaa chini pale mwambani, kwenye unyevu, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Modesta alichuchumaa kando yake. Thobias alidhani mama analia, na pengine alilia, ukungu ulikuwa umerudi hakuweza kuona. Kisha ukafunguka tena kidogo, akaona mkono umeinuka. Ulikuwa mkono wa mama, mwembamba, kiganja kimefunguka, unakwenda huku na huku juu ya bonde bila haraka. Hakujua kama anapungiwa yeye au ndege, wala hakuona haja ya kuuliza. Aliisogeza ndege mbele, hatua chache, kama inavyotakiwa, mpaka wingu likaimeza.

Alilala kwao usiku ule, akashuka na gari la alfajiri. Mama alikataa ndege iachwe. Alisema nyumba yake ina panya, nao hawajali historia. Thobias akairudisha kwenye kabati lake, na watu waliojia meno walipouliza kwa nini ameiharibu kwa kiraka, aliwaeleza ikiwa ana nafasi, na kama hana aliwaambia wafungue mdomo.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, simu ililia. Alikuwa Modesta. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wanatoka kanisani, na mvua juu ya mabati.

"Mama amesema nikupigie," alisema. "Leo yalisomwa majina ya marehemu wa ukoo. Kila mwaka bibi anasomwa peke yake mwishoni, kwa jina lile lile la mtaani, Mwitandege. Mama alikwenda mwenyewe kwa msomaji kabla ya misa."

"Akamwambia nini?"

"Wakasomwa pamoja. Kondo, kisha Skolastika binti Kondo." Modesta alivuta pumzi. "Wazee kwenye mabenchi waligeuka. Mama hakugeuka. Alikuwa anaimba, fundi, na safari hii maneno yote yalisikika."